Ulikuwa Unaongea na Nani?

Desemba iliyopita nilitumwa ushago, Seme, kumkalia dani wiki mbili. Alikuwa ameteleza akitoka bafu ya nje na nyonga ikakataa kazi. Ukiwa mtu wa Nairobi na umetumwa ushago, kazi yako ni kuchota maji, kufukuza kuku jikoni na kutafuta ile pembe moja ya boma ambapo simu inashika. Jioni ya pili akaniambia nimwombee kabla alale. Hapo nikajua nimefika kwangu. Mimi ni mtoto wa Umoja, nimelelewa na ibada za Kizungu za Jumapili, na shule nilikuwa kwa kamati ya CU. Nikafunga macho nikaanza: Dear God, our heavenly Father... Nikaenda dakika tatu bila kupumua, sauti nimeishusha kama pasta wa runinga. Nikasema amen.

Dani hakusema amen. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza polepole, "Ne iwuoyo gi ng'a?"

Ulikuwa unaongea na nani?

Nikacheka, nikidhani ni utani wa wazee. Yeye hakuwa anacheka. Na msidhani ati hakuelewa Kiingereza. Neno God analijua vizuri, liko hata kwa kalenda ya kanisa ukutani mwake. Shida ilikuwa kwingine. Akaniuliza tena, huyo niliyekuwa namwambia hayo yote anajua kwamba yeye ameanguka? Nikaanza upya. Nikasema Nyasaye, nikakwama hapo hapo, maana Dholuo yangu ni ya salamu na ya kuagiza samaki. Akanishika mkono akamalizia mwenyewe, sentensi tatu hivi, akalala. Mimi ndio sikulala.

Nimekuwa nikisoma tangu siku hiyo. Hii story ni ndefu lakini vumilia, kuna mahali inafika.

Kwanza jaribu kitu. Funga macho useme neno God, bila kuongeza kitu. Umeona nini? Niliporudi Nairobi niliuliza maboyz wa base hilo swali, na karibu wote walisema kitu kimoja: mzee, mweupe, ndevu, kanzu, mawingu. Mmoja akaongeza ati anaongea na ile lafudhi ya sinema. Halafu nikawaambia waseme Mungu. Picha ikabadilika. Ile sura ilipotea. Kulikuwa na sauti ya mathe akiomba saa kumi na moja asubuhi, kulikuwa na wimbo wa taifa paredi ya Jumatatu, kulikuwa na matanga. Beshte yangu Muislamu wa Pumwani akasema yeye haoni kitu na hafai kuona kitu, ndivyo dini yake inavyosema, kwa hivyo tusimsumbue. Nikamaliza na Ngai. Wote wakacheka. Ngai ni kitu unasema ukiambiwa bei ya nyanya. Ngai fafa ni kitu unasema nduthi ikikukosa na inchi moja.

Sasa fikiria hiyo. Neno ambalo wazee walilitamka wakiwa wameinua mikono kuelekea mlima, leo ni mshangao wa Nairobi, na nusu ya wanaolitumia si hata Wakikuyu. Wala si hilo peke yake. Hiyo "aki" unayosema kila dakika mbili, aki nisaidie na soo, ni "haki ya Mungu" iliyofupishwa. Ni kiapo kamili, ila Mungu mwenyewe alishukishwa stage ya katikati. Walahi ni kuapa kwa Allah, na wanaoisema sana mtaani kwetu ni watoto wa Katoliki. Tunamtaja Mungu kutoka asubuhi mpaka jioni bila kujua tumemtaja.

Lakini kilichonikaa kichwani ni ile tofauti ya picha. Tunaambiwa God, Mungu, Ngai na Nyasaye ni mmoja, ni tafsiri tu. Kama ni mmoja, mbona kila jina likitajwa kichwa kinaenda kwingine? Na nani alikaa chini akasema hili liwe sawa na lile?

Tuanze na Mungu, kwa sababu ndilo jina tunalotumia wote.

Mwaka wa 1844 Mjerumani mmoja anaitwa Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, baada ya kazi yake ya umisionari kule Ethiopia kushindikana. Alikuwa wa CMS, shirika la Kianglikana. Miezi michache baadaye mke wake Rosine na mtoto wao mchanga walikufa, wakazikwa upande wa bara, huko Nyali. Mwaka huo huo, jamaa akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na nani alikuwa anamsaidia? Kadhi wa Mombasa. Hakimu wa Kiislamu anakaa na mmisionari wa Kijerumani aliyefiwa, wanapanga vile dunia iliumbwa, kwa Kiswahili. Sijui kwa nini shule hawakutufunza hiyo sehemu. Mimi niliambiwa tu aliona Mlima Kenya mwaka wa 1849, kama kwamba wenyeji walikuwa hawajauona.

Kwa hilo neno, Krapf hakuwa na kazi ya kubuni. Mungu alikuwepo. Waswahili walikuwa Waislamu kwa mamia ya miaka na walikuwa bado wanasema Mungu, na Lamu wanasema Mngu. Neno lenyewe ni la zamani kuliko misikiti yote ya pwani. Ni Mulungu, ambalo limepoteza ile l katikati, vile Kiswahili hupenda kumeza l: Mulungu, Muungu, Mungu. Wamijikenda bado wanasema Mulungu. Wataita ni Mlungu, Wameru ni Murungu. Ukishuka mpaka Malawi unakuta Wayao na Wachewa wanasema Mulungu. Krapf alipohamia Rabai aliandika kwamba watu wa huko hilo neno walilitumia pia kwa mbingu, hizi za juu, zenye mvua na radi. Lilitoka wapi kabla ya hapo? Wataalamu wa lugha wamebishana na bado hawajakubaliana, na mimi sitajifanya nimewashinda.

Angalia kitu kingine, na hii ni ya wale walichukia sarufi. Wingi wa Mungu ni miungu. Sio wamungu. Yaani kwa ngeli neno limekaa na mti, mlima, mto, moto, moyo, mwezi. Mzimu na mizimu pia wako hapo. Lakini ukiongea, unasema Mungu anajua, Mungu ametenda, kama mtu. Halafu miungu ikiwa mingi inarudi kuwa kama miti: miungu mingine, miungu ya kigeni. Hatukuambiwa na mwalimu tufanye hivyo, tulizaliwa tukaikuta. Ni kama lugha ilibeba mawazo mawili kwa wakati mmoja: kuna kitu kikubwa kama mlima, chenye nguvu, kisichokuwa mtu, na kuna mwenye kusikia. Niliiona hii usiku mmoja kwa mat ya kuenda Umoja nikataka kumwambia jirani yangu. Alikuwa amelala.

Sasa zunguka hilo neno uone limezungukwa na nani. Dini, Kiarabu. Imani, ibada, dhambi, malaika, shetani, nabii, neema, baraka, zote Kiarabu. Sawa, hizo ni za Waislamu, utasema. Haya, kanisa? Kiarabu. Msalaba? Kiarabu. Injili? Ilipitia Kiarabu. Padri ndio Kireno. Mkristo wa Kayole akiomba kwa Kiswahili safi, nusu ya maneno yake mazito yalifika kwa jahazi kutoka Arabuni, lakini yule anayeombwa amebaki na jina la Kibantu. Na upande wa pili ni vile vile. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipotoa tafsiri yake kamili ya Kurani mwaka wa 1969, Allah akamwandika Mwenyezi Mungu. Mwenyezi ni mwenye enzi. Na enzi ni Kiarabu, lakini Mungu akaachwa pale pale. Kwa hivyo msee akikuambia ati Allah ni mungu mwingine na Mungu ni mwingine, mwulize Wakristo wa Cairo na Beirut huita Baba yao nani kila Jumapili. Ni Allah.

Hapo ndio nikaanza kuona mtindo. Maneno ya kandokando tunaazima bila kuuliza. La katikati, watu hulishikilia. Ila si wote walilishikilia.

Ngai, kwa mfano, ni neno la jirani. Wakikuyu na Wakamba walilipata kwa Wamaasai, na kwa Maa ni Enkai. Uliza Mmaasai maana ya enkai na inaweza kuwa Mungu, inaweza kuwa mbingu, inaweza kuwa mvua. Mvua ikinyesha, ni enkai. Kuna Enkai Narok, mweusi, wa mawingu yaliyojaa maji, huyo ni mwema. Kuna Enkai Nanyokie, mwekundu, wa ukame na hasira. Ukikaa mahali ambapo ng'ombe wako wanaishi au wanakufa kwa sababu ya wingu moja, hutahitaji mtu akufafanulie.

Halafu cheki ile en- ya mbele. Kwa Maa, ol- ni ya kiume na en- ni ya kike. Olayioni ni mvulana, entito ni msichana. Enkai iko upande wa wasichana. Pole pole hapo, haimaanishi Wamaasai walisema Mungu ni mwanamke, maana sarufi si teolojia, na hizo alama zina kazi nyingine pia. Lakini wewe fikiria mtoto ambaye tangu azaliwe ameita Mungu kwa umbo la maneno ya mama, msichana na nyumba. Halafu fikiria mwingine ambaye kila siku anasikia He, Him, His. Hao wawili hawawezi kuona sura moja wakifunga macho. Neno likavuka likaingia Gikuyu, ambapo hakuna kiume wala kike kwa sarufi, en- ikaanguka, ikabaki Ngai. Mvua nayo ikaachwa nyuma. Badala yake Ngai akapata mlima. Jomo Kenyatta alipoandika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wagikuyu, aliwaeleza wakiomba wakiwa wameelekea Kirinyaga, na jina lingine la huyo anayeombwa ni Mwene-Nyaga, mwenye mng'ao. Kiswahili nacho hakina he wala she. Yeye ni yeye. Ule mzee wa ndevu hakutoka kwa neno Mungu, alikuja na vitabu vya picha vya Sunday School.

Wakalenjin walikuwa na Asis, neno moja na jua. Na kabla mtu wa Ulaya hajasema ati hawa walikuwa wanaabudu hali ya anga, Kilatini cha deus na Kigiriki cha Zeus vimetoka kwa mzizi mmoja wa kale uliomaanisha mbingu inayong'aa mchana. Kila mtu aliangalia juu kwanza.

Sasa hapa ndipo story inakuwa yangu.

Kila mtu Nairobi anajua jajuok. Yule wa usiku, anayekimbia uchi akitingisha milango na kurusha mawe kwa mabati. Mmemfanyia meme mpaka amechoka. Toa ja-, inayomaanisha mtu wa kitu fulani, unabaki na juok. Kwa Dholuo ya leo, juok ni uchawi. Hakuna mtu anataka hilo neno karibu na boma lake.

Lakini fuata Nile kuelekea kaskazini mpaka Sudan Kusini, kwa Washilluk, ambao kilugha ni binamu zetu. Kule Juok ni Mungu. Muumba mwenyewe. Rudi chini mpaka kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi na Walango, unakuta Jok, na hapo ni nguvu, roho, na ziko nyingi: nyingine za ukoo, nyingine za ugonjwa. Endelea mpaka kwetu ziwani, imebaki uchawi, pamoja na juogi, mapepo yanayopanda watu. Neno moja, njia moja ya uhamaji, na ukilifuata kutoka kaskazini linaanza juu mbinguni linaishia nyuma ya choo usiku wa manane. Profesa Bethwell Ogot aliandika makala nzima kuhusu wazo la Jok mwaka wa 1961. Niliisoma mara mbili kisha nikampigia dani kumuuliza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza ni nani ananifunza hayo mambo huko Nairobi.

Ni rahisi kusema wamisionari ndio walilishusha cheo. Mimi pia nilitaka iwe hivyo, ingekuwa post fupi na kali. Lakini Waluo walifika ziwani karne kadhaa kabla ya mmisionari yeyote, wakawakuta Waluhya na wengine, wakaoana, wakapigana, wakauziana ng'ombe na samaki. Waluhya wana Were na wana Nyasaye. Dholuo ina Nyasaye pia, na wataalamu wengi wanaona tulilitoa kwao. Kuna mengine ya dani ambayo kanisani hayasikiki sana: Nyakalaga, yule anayetiririka kila mahali, na Wuon Koth, mwenye mvua. Mmisionari alipokuja na kalamu yake alikuta majina kadhaa mezani. Alichofanya ni kuchukua moja na kuacha mengine nje ya kitabu, na jina likiachwa nje ya kitabu linaanza kuzeeka.

Na kuna mahali kalamu ilifanya zaidi ya hapo. Okot p'Bitek, yule wa Song of Lawino, aliandika kitabu kuhusu dini ya Waluo wa kati kilichotoka Nairobi mwaka wa 1971. Humo anasimulia kwamba mwaka wa 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza, nani aliwaumba? Shida ni kwamba lugha haikuwa na neno la kuumba kitu kutoka kwa hewa. Swali likageuka kuwa, nani aliwafinyanga? Kama chungu. Wazee wakaangaliana. Mtu hafinyangwi, anazaliwa na mama yake. Wakajibu hawajui. Wageni hawakuridhika, wakaendelea kusukuma jibu. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kuna kitu kimoja kinachofinyanga watu: ule ugonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, unaompinda mtu mpaka anatoka nundu. Na roho inayoleta huo ugonjwa inaitwa Rubanga. Basi mzee akajibu, Rubanga ndiye hufinyanga watu. Kalamu ikaandika. Tangu siku hiyo, kwa mujibu wa p'Bitek, Waacholi wakafundishwa kwamba Rubanga ndiye Muumba na Baba yao wa mbinguni.

Niliposoma hiyo nilitembea mpaka dukani na kurudi bila kununua kitu.

Lazima niseme si kila mtu anaikubali. Wengine wanaonyesha kwamba Rubanga inafanana sana na Ruhanga, Muumba wa Wanyoro walio jirani hapo kusini, kwa hivyo huenda yule mzee hakuwa anawaza nundu tu. Lakini kosa la swali linabaki. Ukimuuliza mtu swali ambalo kwa lugha yake halipo, atakujibu kwa heshima, na wewe utaandika heshima yake kama ukweli.

P'Bitek alizaliwa mwaka wa 1931. Mwaka huo huo, Kitui, akazaliwa John Mbiti. Nawapenda hawa wawili kwa vile hawakukubaliana kabisa. Mbiti alikuwa padri wa Kianglikana na msomi, na alikusanya majina na mawazo kuhusu Mungu kutoka kwa karibu makabila 300 ya Afrika, akatoa kitabu mwaka wa 1970. Ujumbe wake kwa Wazungu: hamkutuletea Mungu, mlimkuta. P'Bitek akasema hapana, hawa wasomi wa Kikristo wanachukua miungu ya wazee na kuivalisha nguo za Kigiriki, ati anajua yote, yuko kila mahali, ana nguvu zote, halafu wanasema ndivyo babu zetu waliamini. Alikuwa na mdomo mkali huyo mzee. Mbiti naye hakuacha. Uzeeni alitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki hadi Kikamba, akalitoa mwaka wa 2014, akiwa na zaidi ya miaka 80.

Mimi nasimama wapi? Kwa ile siku ya 1911 nasimama na p'Bitek, asilimia mia. Lakini nenda Gulu leo ukamtafute mama aliyepoteza watoto wakati wa vita vya Kony na akabaki akiomba Rubanga kila usiku. Mwambie anaomba kifua kikuu. Thubutu. Huyo mama na wenzake wamemwaga machozi mengi ndani ya hilo neno mpaka limekuwa lao, haijalishi lilianzia wapi. Hapo nasimama na Mbiti. Ndio maana siwaelewi wale wa mtandaoni wanaotuambia kila wiki tuache kusema Mungu ati ni jina la pepo fulani, au ati God ukiligeuza ni mbwa. Buda, geuza Nairobi uone kama inakuwa kitu.

Halafu nikaangalia God lenyewe, nikitegemea kupata kitu kikubwa. Kumbe God pia ni neno la wapagani lililobatizwa. Wajerumani wa kale walilitumia kwa miungu yao kabla Ukristo haujafika, na halikuwa la kiume. Lilikuwa kwa ile ngeli yao ya vitu visivyo vya kiume wala vya kike, na wamisionari wa wakati huo, wa kwao sasa, walipolichukua likawa He. Yaani kilichotupata na sisi kilikuwa kimewapata wao zaidi ya miaka elfu moja kabla. Na maana yake ya mwanzo? Wataalamu wengi wanaona limetoka kwa kitenzi cha kuita, kuita mtu akusaidie. God ni anayeitwa.

Nikarudi kwa Nyasaye. Dholuo tuna sayo, kusihi, kubembeleza mtu mpaka akuonee huruma. Waluhya wana kitenzi chao cha kuomba chenye mzizi huo huo, saaya. Nyasaye ni anayesihiwa. Jina halikuambii anaishi wapi, ana ndevu au hana, ni wa mvua au wa jua. Linakuambia tu wewe unafanya nini ukifika mbele yake. Kiswahili nacho kinajua hiyo, maana ombaomba wa Moi Avenue na maombi ya mathe ni kitenzi kimoja.

Hapo nikakumbuka yale maombi yangu ya Desemba. Nikajaribu kuyarudia kichwani, yote, dakika tatu nzima. Tunakutukuza, tunakuja mbele zako, wewe ni mkuu, umeketi juu sana. Sikuwa nimetaja nyonga. Dani amelala pale na maumivu, mimi natoa hotuba kwa yule mzee wa mawingu, na hakuna mahali nilimwomba chochote.

Nilirudi Seme Pasaka. Anatembea sasa, na fimbo, na anajifanya haihitaji. Jioni akaniambia nimwombee kabla alale. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa mat yote kutoka Nairobi, mtu wa kiti cha pembeni akiniangalia vibaya. Nikasema Nyasaye. Nikasema mguu wa dani unauma usiku, tafadhali. Dholuo yangu iliishia hapo, nikanyamaza.

Akasema amen. Halafu akaniuliza kama nimefunga kuku.